Dawa ya Mpini

Jumamosi ni siku ya sauna, yaani kuoga kwa mvuke katika kibanda cha mbao chenye jiko la kuni. Huku kwetu, kaskazini mwa Michigan, Marekani, mtu akikosa kanisani Jumapili watu hunyamaza. Akikosa sauna Jumamosi, majirani huja kuuliza nani anaumwa.

Sauna inataka moto. Moto unataka kuni. Kuni zinataka shoka. Na shoka la Arne Salmela lilikuwa limelegea.

Lilikuwa shoka la marehemu baba yake. Kila Arne alipopiga gogo, chuma kilicheza kwenye mpini kama jino la mtoto wa miaka sita. Lakini Arne hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na dawa yake, nayo aliirithi pamoja na shoka. Kila Ijumaa jioni alilitumbukiza shoka kichwa chini kwenye ndoo ya maji. Jumamosi asubuhi alikuta mpini umevimba, chuma kimebana. Akapasua kuni zake, mambo yakaisha.

Wazo hilo lilitoka kwenye ndoo za sauna zenyewe. Ndoo hizo ni za mbao. Zikikaa bila maji, mbao husinyaa na ndoo huvuja. Zikijazwa maji, mbao huvimba, hubanana, na halitoki hata tone. Kila mtoto wa huku analijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Basi wanaume wa huku husema: kinachofaa ndoo, kinafaa na shoka. Nimewasikia wakisema hivyo kwa miaka thelathini, na sijawahi kumwona hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli.

Nyumba ya Salmela ilikuwa na ndoo mbili. Moja ilikuwa mpya, ya kuogea. Nyingine ilikuwa kuukuu, yenye pete za shaba, na kata ya mbao ya kutekea maji ilitundikwa ukutani juu yake. Hiyo kuukuu Arne aliitengea shoka. Ilikaa na maji wiki nzima, nyuma ya benchi, katika chumba cha kuvulia nguo.

Jumamosi moja ya mwanzo wa Februari, Arne alikuwa anapasua kuni nje. Mkewe, Marlene, alikuwa anazibeba kuzipeleka ndani ya sauna. Binti yao Kirsti, wa miaka minne, alimfuata mama yake nyuma kwa nyuma. Arne aliinua shoka. Alipolishusha, mkononi alibaki na mpini mtupu.

Chuma kilipita kando ya sikio la Marlene. Kilijikita kwenye mlango wa sauna, tak! Kuni zikamporomoka mikononi.

"Arne!" Marlene alipiga kelele. "Arne, unataka kutuua?"

"Limechomoka tu. Jana nimelitia majini."

"Unalitia majini kila wiki! Na kila wiki linazidi kulegea! Litupe!"

"Shoka la baba silitupi."

Mama yake Arne, Bibi Hilja, alikuwa ametoka kibarazani kusikiliza. "Marehemu alilitia majini kila Ijumaa," alisema. "Wala hatukuona shida."

"Mama, na lenyewe halikuwahi kuruka?" Marlene aliuliza.

Bibi Hilja alifikiri kidogo. "Mara mbili tu," alisema, akarudi ndani.

Arne alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Jumatatu, kazini, aliwasimulia wenzake mkasa ule. Mmoja alimcheka.

"Bado unatumia maji wewe? Maji yanakauka, ndugu yangu. Tumia dawa ya rejeta, ile ya kijani inayozuia maji ya injini yasigande. Yenyewe haikauki upesi. Mpini ukivimba, umevimba."

Arne aliona hiyo ndiyo akili. Ijumaa jioni alimwaga maji ya ndoo kuukuu. Akamimina dawa ya rejeta mpaka kwenye pete ya juu. Akakirudisha chuma kwenye mpini, akalitumbukiza shoka kichwa chini. Alibadilisha maji, lakini ndoo hakubadilisha. Wala hakuiondoa kata ukutani.

Kirsti alisimama mlangoni, akiwa na mbwa wao Halli. Halli alikuwa mzee. Mguu wake wa nyuma ulikuwa mzito, na alitembea akichechemea.

"Baba, hiyo ya kijani ni nini?"

"Dawa."

"Nani anaumwa?"

"Shoka," alisema Arne. "Linaumwa kiuno."

Kirsti alicheka. Arne naye alicheka. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ule ulimpendeza. Hata wakati wa chakula aliurudia.

Asubuhi Arne alilichomoa shoka, akalikung'uta kwa nguvu kwenye gogo. Chuma hakikucheza hata kidogo. Alipasua kuni za sauna yote, akamwita Marlene aje ajionee.

"Ona! Limebana kama limepigiliwa misumari."

"Haya, limebana," Marlene alisema. "Mimi sikai karibu na hilo shoka."

Arne alilirudisha kwenye ndoo, lipate dozi ya pili. Akaenda kuzoa theluji kwenye njia ya gari.

Saa saba na nusu mchana alifika Bi Lempi Ruona. Alikuwa jirani yao, mjane wa miaka sabini, na kila Jumamosi aliwaletea mkate wa iliki. Bi Lempi alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mipini. Mikono yake ilijua mbao kuliko mikono mingi inavyojua unga. Alikung'uta theluji viatuni, akaingia jikoni.

Halli aliinuka kumlaki kama kawaida. Alipiga hatua mbili, akayumba. Akagonga mguu wa meza. Akasimama, miguu imepanuka, kichwa kinaning'inia.

Arne aliangua kicheko. "Tazameni, Halli kalewa!"

"Usitaje ulevi katika nyumba hii," alisema Bibi Hilja. Kanisa lao halinywi pombe, na Bibi Hilja hakupenda hata neno lenyewe.

Bi Lempi hakucheka. Aliweka mkate mezani, akapiga magoti, akamshika Halli kichwa. Mate yalikuwa yanamtoka mbwa.

"Amekula nini huyu?"

"Hajala kitu," alisema Marlene. "Alikuwa saunani na Kirsti. Wamecheza huko asubuhi yote."

"Kuna nini saunani?"

Arne aliacha kucheka. "Hakuna kitu. Kuna shoka tu, kwenye dawa."

"Dawa gani, Arne?"

Alipoitaja, Bi Lempi alisimama bila kushika meza. Kwa magoti yake, jambo hilo halikuwa rahisi. "Nionyeshe," alisema.

Chumba cha kuvulia nguo kilikuwa na ubaridi na giza kidogo. Ndoo ilikuwa mahali pake, nyuma ya benchi. Bi Lempi aliinama juu yake.

"Ulijaza mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye pete ya juu."

Dawa ilikuwa chini ya pete kwa upana wa kidole kizima. Rangi ya kijani kwenye mbao ilionyesha wazi ilipokuwa mwanzo.

"Imepungua," alisema Bi Lempi.

"Mti umekunywa," Arne alijibu haraka. "Si ndiyo kazi yake? Mpini umevimba, kwa hiyo umekunywa."

"Umekunywa kiasi gani?"

"Mimi nitajuaje, Bi Lempi?"

"Lakini mimi najua." Alilichomoa shoka, akaonyesha mahali mpini unapoingia kwenye tundu la chuma. "Mti una vijirija, yaani mirija midogo, midogo kuliko unywele. Kuta za vijirija hivyo ndizo zinazokunywa, ndizo zinazovimba. Zikishiba, basi. Hapa ndani ya tundu pana mti wa kutosha kiganja changu. Unaweza kunywa kijiko, labda viwili. Kilichopungua hapa ni vikombe viwili."

"Basi ndoo. Ndoo nayo ni mbao. Imekunywa ndoo."

"Ndoo hii ilikuwa na maji wiki nzima, au sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi ilikuwa imeshiba. Mti ulioshiba hauna nafasi tena." Alipitisha mkono nje ya ndoo, kisha chini yake, kisha sakafuni. Akauonyesha mkono. Ulikuwa mkavu. "Haikuvuja. Arne, mwanangu, mti haukunywa vikombe viwili."

"Halli amekunywa," Arne alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni Halli. Mbwa anaweza kunywa hata vikombe vitatu."

Bi Lempi alikuwa anaangalia benchi. Juu ya benchi palikuwa na kata. Ilikuwa imelowa, na ndani yake kulikuwa na ukijani.

Mbwa hatumii kata.

Walimkuta Kirsti sebuleni, amejilaza juu ya zulia na mdoli wake. Mashavu yalikuwa mekundu. Marlene alitaka kumkimbilia, lakini Bi Lempi alimshika mkono. "Usipige kelele," alimnong'oneza. "Ukipiga kelele atanyamaza. Muulize kama unavyomuuliza habari za mdoli."

Marlene alikaa chini. Alijikaza. "Kirsti, mama, leo umecheza nini na Halli?"

"Udaktari," Kirsti alisema. Maneno yake yalikuwa mazito kidogo, ya kuvutika. "Halli anaumwa kiuno. Nimempa dawa ya kiuno ya Baba."



"Na wewe ulikunywa?" aliuliza Marlene.

"Niliionja. Bibi huonja kwanza."

Ilikuwa kweli. Kirsti alipougua kifua, Bibi Hilja alikuwa akionja kila kijiko cha dawa mbele yake. Alikuwa akisema, "Ona, Bibi kaonja, si chungu." 

"Ulionja mara ngapi, kipenzi?" aliuliza Bi Lempi.

Kirsti aliinua kidole kimoja. Akafikiri. Akainua cha pili. "Tamu," alisema. "Kama sharubati."

Marlene alikuwa ameshafika kwenye simu. Namba ya kituo cha sumu, wanakoshauri kuhusu watu waliomeza sumu, ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kalenda, tangu Kirsti azaliwe. Hakuwahi kuipiga. Mwanamke aliyepokea aliuliza maswali kwa utulivu: mtoto ana miaka mingapi, ana uzito gani, amekunywa nini, lini.

"Ana kilo kumi na sita," alisema Marlene. "Sijui lini. Saa moja iliyopita. Labda mbili. Nimtapishe?"

"Hapana, mama. Usimtapishe. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Chukueni na chupa ya hiyo dawa, daktari aione. Nami nitawapigia hospitali wajue mnakuja."

"Lakini haonekani mgonjwa sana. Amelegea tu."

"Ndivyo inavyoanza, kama mtu aliyelewa. Baadaye anaonekana amepata nafuu, na watu hurudi kulala. Msingoje dalili. Nendeni."

Hospitali ilikuwa umbali wa maili thelathini na tano. Bi Lempi alibaki na Halli na kumpigia simu daktari wa mifugo. Wengine waliingia kwenye gari. Upepo ulikuwa unahamisha theluji kutoka mashambani na kuileta barabarani. Arne aliijua barabara ile kwa kila kona, maana ndiye aliyeisafisha alfajiri. Sasa alimlaani kila mkubwa wa kazini aliyemwambia kwamba kusafisha alfajiri tu kunatosha.

Nyuma, Marlene alikuwa amempakata Kirsti. "Niimbie," alimwambia. "Usilale. Niimbie wimbo wa Bibi."

Kirsti aliimba mstari mmoja. Akaurudia uleule. Kisha akanyamaza.

"Anaimba?" Arne aliuliza.

"Tazama barabara."

"Marlene, anaimba?"

"Anapumua. Tazama barabara!"

Arne alikuwa anaogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alijua jambo moja ambalo hakulisema. Kama Bi Lempi asingelikuwapo, yeye angesema mti umekunywa, na wangekuwa saunani sasa hivi, wanaoga.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi. Aliwangoja mlangoni. Alimlaza Kirsti, akamsikiliza moyo, akatoa damu. Kisha akamwambia muuguzi azime taa.

"Dawa nyingi za rejeta zina rangi inayong'aa kwenye mwanga huu," alisema. Alishika taa ndogo ya zambarau.

Mwanga ulipita juu ya glavu za Kirsti. Zikang'aa kijani. Ulipita juu ya mkono wa sweta. Ukang'aa. Ulipanda kifuani, matone matatu, yakang'aa kama macho ya paka. Kisha ulifika kidevuni. Kisha midomoni.

Midomo iling'aa.

Marlene alifunga macho. Taa ziliwashwa tena.

"Hili halinionyeshi amemeza kiasi gani," alisema daktari. "Damu itatuambia, lakini tunaituma mji mwingine, na majibu yatarudi kesho. Mimi singoji kesho. Kwa mtoto wa uzito huu, vijiko viwili vya chakula vinaweza kuua. Naanza matibabu sasa."

"Mnampa nini?" Arne aliuliza.

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa huku, alijua makanisa ya huku. "Pombe," alisema. "Pombe safi, kwa mshipa, kidogo kidogo."



"Pombe?" Bibi Hilja alisema. "Kwa mtoto?"

"Mama, nisikilize. Sumu hii ikiingia tu, haijawa kali. Ini ndilo linaloigeuza. Likishaigeuza, inakata figo. Tukilipa ini pombe, linashughulika na pombe kwanza. Linaiacha sumu, nayo inatoka kwa mkojo. Hapa tunampima sukari na pumzi kila saa. Nyumbani pombe ingeweza kumuua mtoto, kwa hiyo msije mkamwambia mtu afanye hivi. Lakini hapa ndiyo dawa niliyo nayo."

Arne alimwangalia mama yake. Katika nyumba yao hakijawahi kuingia hata kizibo cha chupa. Bibi Hilja alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Miaka sabini na mmoja nimeikataa," alisema. "Mpe, mwanangu. Mpe upesi. Nitaiombea ifanye kazi."

Na kweli aliiombea. Alikaa kando ya kitanda jioni ile yote, akiitazama chupa ya dripu inavyodondosha, na midomo yake ilikuwa inacheza. Muuguzi alimletea kahawa, ikapoa bila kuguswa.

Jumapili saa sita mchana daktari aliingia na karatasi.

"Alimeza," alisema. "Alimeza zaidi ya kuonja. Lakini figo zinafanya kazi. Tumewahi." Aliivua miwani. "Nani aliwaambia mje haraka? Watu wengi huja siku ya pili, mtoto akishaacha kukojoa."

"Jirani yetu," alisema Marlene.

"Ni muuguzi?"

"Hapana," alisema Arne. "Anajua mti unavyokunywa."

Kirsti alirudi nyumbani Jumatano. Alipoingia aliita, "Halli!" Akaita tena. Halli alikuwa amekufa Jumapili. Daktari wa mifugo alikuja, akajaribu, lakini karibu vikombe viwili vilikuwa vingi mno kwa mbwa mzee.

Ardhi ilikuwa imeganda kama saruji. Ili kumzika, Arne aliwasha moto nyuma ya sauna, akauchochea siku mbili mpaka udongo ukalainika. Kuni za moto huo alizipasua kwa shoka la kuazima la Bi Lempi. Kirsti alisimama karibu naye, amevaa kofia ya sufu.

"Ni dawa yangu ndiyo imemuua?" aliuliza.

Arne aliweka koleo chini, akachuchumaa. "Hapana. Ni mimi. Niliita sumu dawa, nikacheka. Wewe ulimtibu rafiki yako. Kosa ni la Baba."

Wiki iliyofuata Arne alikwenda karakana ya Bi Lempi akiwa na shoka la baba yake. Hakwenda na mzaha wowote.

"Nifundishe," alisema.

Bi Lempi alikata mpini kwa msumeno, akakitoa kile kipande kilichokuwa ndani ya tundu. Akampa Arne. "Kibonyeze."

Kilikuwa laini, kimesagika, nyuzi zake zimelala.

"Hayo ni maji ya kila Ijumaa," alisema Bi Lempi. "Mti ukinywa, huvimba kwa unene, si kwa urefu. Kwenye ndoo ni sawa, maana ndoo haikauki. Lakini hapa umezungukwa na chuma, na chuma hakisogei. Mti unavimba, unakosa pa kwenda, unajisaga wenyewe. Jumatatu maji yamekauka. Mti unasinyaa. Na sasa ni mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla hujautia majini!"

"Kwa hiyo nilikuwa naulegeza mwenyewe."

"Wewe, na baba yako, na nusu ya wanaume wa barabara hii. Mnauharibu Ijumaa, mnaushangaa Jumamosi."

"Na dawa ya rejeta? Ilibana kweli, Bi Lempi. Hilo sikuota."

"Ilibana. Wenzako hawakukudanganya kwa hilo. Yenyewe inaingia kwenye kuta za vijirija kama maji, lakini haikauki upesi, kwa hiyo mti unabaki umevimba. Hata sisi kiwandani tulikuwa na dawa ya kuvimbisha, isiyo kali kama hiyo. Ilikuwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko na jina. Unadondosha matone machache kwenye mpini mzima ulioanza kulegea kwa ukavu. Haimiminwi ndooni. Na mpini uliosagika hauponi kwa dawa yoyote. Huo ni wa kubadilisha."

Alimchagulia mpini mpya wa mti mgumu uitwao hikori, uliokaa juu ya jiko lake mwaka mzima hadi ukakauka kabisa. "Mkavu kwanza," alisema. "Ukiutia mbichi, utasinyaa ndani ya tundu." Alimwonyesha kuuchonga kidogo kidogo, kuuingiza, kuutoa, na kuparuza mahali penye alama nyeusi, pale chuma kilipogusa. Ulipoingia kwa kubana, alipigilia kabari ya mbao kwa juu. Kisha akapaka mafuta ya kitani kwenye ncha, pale vijirija vilipo wazi, ili unyevu usiingie wala kutoka haraka.

Arne alitaka kukitupa kitambaa cha mafuta kwenye pipa.

"Aa-aa! Kitandaze nje kwenye theluji. Kitambaa cha mafuta haya kikikunjwa hupata moto chenyewe. Umeponea sumu, usiniunguzie karakana."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Arne alicheka.

Nyumbani alifanya usafi. Ndoo kuukuu aliipasua pamoja na kata, akaipeleka jalalani, maana mbao zilizokaa na sumu haziwezi kuoshwa zikatakata. Dawa ya rejeta iliyobaki aliirudisha kwenye chupa yake, akaifungia kwenye kabati la gereji, juu, kwa kufuli. Namba ya kituo cha sumu Marlene aliitoa nyuma ya kalenda, akaibandika mbele. Bibi Hilja bado humpa mjukuu wake dawa, lakini haonji tena. Kazini, Arne aliwasimulia wenzake yote, pamoja na sehemu zilizomwaibisha. Watatu kati yao walikwenda kwa Bi Lempi wiki ileile, wamebeba mashoka.

Jumamosi ya kwanza ya Machi waliwasha sauna tena. Arne alitoka na shoka. Kabla ya kupiga, alilishika mpini, kichwa chini, akaligonga mara tatu kwenye gogo kama alivyofundishwa. Chuma hakikucheza. Marlene alikuwa anaangalia kutoka mlangoni. Mlangoni bado pana lile jeraha la shoka, hawakuliziba. Alimwangalia akipasua gogo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaja karibu, akaanza kuokota kuni.

Kirsti alikuja nyuma yake. Alilitazama shoka kwa muda mrefu.

"Baba, limepona?"

Arne alifungua mdomo kujibu kama zamani. Akaufunga. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Halikuwa linaumwa, Kirsti," alisema. "Lilikuwa limeharibika, nami sikujua kulitengeneza."

Kirsti alikubali kwa kichwa. Aliokota kipande kimoja cha kuni, kikubwa kuliko uwezo wake, akakikumbatia, akakipeleka ndani.